Mche Huu ni wa Nani?

Mudaka, katika eneo la Kabare, Kivu Kusini ya Kongo, hakuna majira ya kuchipua. Kitabu cha Kifaransa kinaweza kumwonyesha mtoto wa Kabare mti mmoja katika picha nne: hapa una theluji, hapa maua, hapa matunda, hapa unapukutisha majani. Mtoto atayakariri majira manne na kupata alama zake zote. Akitoka nje ataikuta migomba ileile ya jana. Yeye anajua majira mawili tu: kiangazi cha Juni hadi Agosti, wakati vumbi la barabara iendayo Kavumu linapolala juu ya kila jani, na mvua, ambazo hurudi Septemba na kuendelea, mara kali mara hafifu, mpaka Mei. Ndani ya mvua hizo mna misimu miwili ya kupanda. Ule ambao wataalamu wa kilimo huuita msimu A huanza Septemba, na msimu B huanza Februari.

Shule nazo hufunguliwa Septemba. Katika majuma yaleyale mama anapotandaza maharagwe kwenye ungo ili achague mbegu, mwanawe anavishwa shati jeupe na kaptula ya buluu na kupelekwa darasani. Wajapani huona fahari kwamba mwaka wao wa shule huanza Aprili pamoja na maua ya misakura. Huku kwetu mwaka wa shule huanza pamoja na chakula chenyewe. Ni bahati ambayo mwalimu wa nchi ya baridi angeitamani sana, nasi tunaipita kila mwaka tukikimbilia kukariri majira ya watu wengine.

Katika makala haya nataka kuangalia jinsi watu wa mapokeo mbalimbali walivyomtia mtoto wa shule ya msingi mbegu mkononi, na kilichofuata. Nitasema mapema ninakoelekea. Vifaa vina uzito wake, na wingi wa watoto darasani una uzito zaidi, hasa tangu serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo Septemba 2019 na madarasa yakafurika. Lakini nikiyaweka mapokeo hayo kando kwa kando naona kwamba somo husimama au huanguka kwa swali ambalo mtoto hujua jibu lake kabla mwalimu hajafungua kinywa: mche huu ni wa nani?

Tuanze Japani, kwa sababu huko jibu ni wazi. Mwaka 1992 shule za msingi za Japani ziliondoa masomo ya sayansi na maarifa ya jamii katika madarasa mawili ya kwanza na kuweka mahali pake somo moja linaloitwa seikatsuka, yaani somo la maisha. Mtoto wa miaka sita hafundishwi mimea saa tatu na desturi za watu saa nne. Vyote humjia pamoja, kama vinavyomjia nyumbani. Na kazi maarufu kuliko zote katika somo hilo ni kupanda asagao, ua linalotambaa na kufunguka alfajiri. Kila mtoto wa darasa la kwanza hupewa chungu chake cha plastiki chenye jina lake na vijiti vya kuegemea. Hupanda mbegu mwezi wa Mei, huzimwagilia maji kila asubuhi kabla ya kengele, huchora anachokiona kwenye karatasi ya uchunguzi: leo majani mawili, leo jani la tatu limetofautiana na yale ya kwanza, leo mkono wa mmea umeshika kijiti. Likizo ya Julai ikifika hubeba chungu mpaka nyumbani, jambo ambalo wazazi hulilalamikia kwa sababu ni kizito. Vuli ikija huvuna mbegu, na katika shule nyingi hufunga baadhi ya mbegu hizo katika bahasha ya karatasi kwa ajili ya mtoto atakayeingia darasa la kwanza mwaka unaofuata, mtoto ambaye hata hamjui.

Asagao si mmea wa asili wa Japani. Uliletwa kutoka China zamani sana kama dawa, maana mbegu zake zinaharisha, na baadaye, katika karne ya 19, watu wa Edo, yaani Tokyo ya leo, wakashikwa na wazimu wa kuzalisha maua yake yenye maumbo ya ajabu. Leo hakuna mtu anayeuita mgeni. Nalitaja hili kwa sababu tunao mmea wetu unaotambaa, nao pia ni mgeni aliyesahauliwa ugeni wake: haragwe la kutambaa. Maharagwe yalitoka Marekani ya Kusini na ya Kati, yakavuka bahari na Wareno, yakapanda milima ya Maziwa Makuu, na leo Mshi, mwenyeji wa milima hii, akikosa maharagwe mezani anaona hajala. Kituo cha utafiti cha INERA-Mulungu, kilicho katika eneo hilihili la Kabare, kina historia ndefu ya kazi juu ya mbegu zake.

Wekeni mimea hii miwili pamoja. Yote miwili huhitaji kijiti. Yote miwili hukizunguka kijiti hicho kwa upande mmoja, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa ukitazama kutoka juu. Mtoto wa Tokyo, kaskazini ya ikweta, na mtoto wa Mudaka, nyuzi mbili na ushee kusini yake, wakichora wanachokiona watachora mzunguko uleule. Nao watu wazima wanaodhani kwamba mmea hufuata jua, na kwamba kusini mambo yanageuka, watakuwa wamekosolewa na watoto. Darwin alikaa na mimea ya namna hii akihesabu saa inazochukua kumaliza mzunguko mmoja, na mwaka 1865 akachapisha utafiti mzima juu ya mwendo wa mimea itambaayo. Kazi ile haikuhitaji maabara. Ilihitaji kijiti, saa na mtu asiye na haraka, na mtoto anaweza kuwa mtu huyo kama mwalimu hatampigia kelele.

Kwa hiyo haragwe linaweza kufundisha yote ambayo asagao hufundisha, na zaidi. Wakulima wa Kivu kwa desturi hawapandi aina moja. Katika ungo mmoja utaona punje nyeupe, nyekundu, za madoadoa, za rangi ya kahawa, zimechanganywa kwa makusudi, ili mvua ikizidi aina hii ishinde, ikipungua ile nyingine isaidie. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuzitenga kwa rangi na kuzihesabu, na hiyo ni hisabati. Anaweza kumuuliza nyanya yake kila moja inaitwaje na inaiva lini, na hiyo ni historia ya familia. Ling'oe shina likiwa karibu kutoa maua, lioshe mizizi, utaona vinundu vidogo. Vipasue kwa ukucha, ndani mna rangi ya waridi. Humo wamo bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewa na kuilisha mimea. Sijaona somo la kemia lililo rahisi kuliko hilo, wala lililo karibu zaidi na sufuria.

Tofauti kubwa na Japani ni hiyo sufuria. Asagao hailiwi, na mtu akiila atajuta. Mtoto wa Japani hupanda kitu ambacho hakuna mtu mwenye njaa atakayekitaka, kwa hiyo ni rahisi kumwachia kiwe chake. Haragwe ni mali. Februari 2025, wakati hasa wa kupanda msimu B, vita vilifika Kavumu na baada ya siku chache Bukavu. Shule zikafungwa, watu wakakimbia. Mbegu iliyowekwa akiba katika nyumba za eneo hili ina hatari nyingi, na hatari ya kwanza ni kuliwa. Bahasha ya mbegu kwa ajili ya mtoto wa mwaka ujao ni wazo zuri la mahali penye uhakika wa mwaka ujao. Huku litahitaji mwalimu aifiche bahasha hiyo vizuri, na wazazi wenye moyo wa kutoigusa.

Na kuna jambo la aibu zaidi, ambalo kila aliyesoma Kivu analijua. Shuleni kwetu jembe limekuwa adhabu. Aliyechelewa alime. Aliyesema Kiswahili au Mashi, lugha ya Washi, wakati wa Kifaransa alime. Aliyeshindwa kulipa alime, enzi zile za kulipa. Mtoto ambaye alfajiri ameshika jembe kwa heshima kando ya mama yake, na kuambiwa kwamba mkono wake unaanza kukomaa, saa mbili baadaye anashikishwa jembe lilelile kama fedheha mbele ya wenzake. Baada ya miaka sita ya mafunzo hayo tunashangaa kwamba vijana waliomaliza shule wanaikimbia ardhi.

Adhabu hii ina ukoo. Mwongozo wa elimu wa mwaka 1929 uliotumiwa na shule za misheni katika Kongo ya Wabelgiji ulisisitiza kazi za mikono na kilimo, kwa shabaha ya kumzoeza mtoto kazi, na bustani ya misheni ililimwa na wanafunzi. Ajabu ni kwamba katika miaka ileile, huko Brussels, daktari Ovide Decroly alikuwa na shule yake, aliyoifungua 1907, ambamo watoto walifuga wanyama, walipima, walichunguza mimea, na masomo yote yalizaliwa kutoka katika walichokiona. Nchi ileile moja, mapokeo mawili: kwa mtoto wa Brussels bustani ilikuwa swali, na kwa mtoto wa Kivu ilikuwa amri. Baada ya uhuru Mobutu alileta salongo, kazi ya lazima ya pamoja, ambayo ilivaa nguo za Kiafrika lakini ilisimamiwa kwa hofu ileile. Shamba la shule likabaki mahali pa kutoa jasho.

Tanzania ilijaribu njia nyingine, na kwa nia njema zaidi. Machi 1967 Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa rais, alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe pia jumuiya inayozalisha, iwe na shamba lake, na wanafunzi washiriki kupanga kazi, kujadili mapato na kuamua matumizi. Watu wengi wanakumbuka sehemu ya shamba na kusahau sehemu ya kuamua. Katika shule nyingi sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyokufa mapema. Mwanafunzi akalima, hesabu za mavuno zikafanyika ofisini. Sisemi kwamba wazo lilikuwa baya. Nasema liliondolewa moyo wake, kisha likalaumiwa kwa kutotembea. Shule ya Mudaka inayotaka kuanzisha bustani leo ingefaidika kuusoma waraka ule kuliko kusoma vitabu kumi vya walimu wa Ulaya, mradi isome mpaka ukurasa wa mwisho.

Kabla sijarudi kwenye udongo, niseme kidogo juu ya sherehe, kwa kuwa wanaofundisha watoto juu ya majira huko ughaibuni mara nyingi huunganisha mbegu na sikukuu za mataifa. Mfano wao wanaoupenda ni Nairuzi ya Waajemi. Karibu na Machi 21 kila nyumba ya Iran huotesha ngano au dengu katika sahani, watoto wakiangalia majani yakipanda siku hadi siku. Siku ya kumi na tatu sahani hiyo huchukuliwa nje na majani yakatupwa katika maji yanayotiririka. Msomaji wa pwani hahitaji kwenda Tehran kuyajua haya. Makunduchi, Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, na asili yake ni Nairuzi hiyohiyo, iliyokuja na upepo wa biashara. Waswahili waliichukua kalenda hiyo ya jua wakaigawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kufungia mwaka. Nahodha na mkulima wote wawili waliitumia, mmoja kujua pepo na mwingine kujua mvua. Mtoto aliyejua kuhesabu miongo alikuwa amekwisha kujifunza hesabu, hali ya hewa na desturi kwa mkupuo mmoja.

Bushi, nchi ya Washi, nayo ilikuwa na siku yake. Mubande, tambiko kuu la mwaka katika falme za Washi, lilifungamana na kupandwa kwa mtama, na mwami, yaani mfalme, alikuwa katikati yake. Majirani zetu wa Rwanda wamelihuisha Umuganura, sherehe ya mavuno ya kwanza, na kuifanya sikukuu ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Huku kwetu Mubande imebaki zaidi katika kazi za wanahistoria na katika kumbukumbu za wazee kuliko katika madaftari ya watoto. Sidai shule ifanye tambiko. Kongo ina shule za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Waislamu na za serikali, na ugomvi ungeanza kabla ya mvua. Ila mtoto ajue kwamba babu zake nao waliipa mbegu siku yake, na kwamba mtama, tofauti na haragwe, na muhogo, na mahindi, ni mmea wa Afrika hasa.

Sasa nifike penye uzito. Mwaka 1872, Aprili 10, jimbo la Nebraska huko Marekani liliadhimisha siku ya kwanza ya kupanda miti, kwa juhudi za J. Sterling Morton, na desturi hiyo ikaingia mashuleni na kusambaa dunia nzima. Kongo nayo ina siku ya taifa ya mti, Desemba 5, katikati ya mvua, na watoto hupangwa mstari, kila mmoja na mche katika mfuko wa plastiki. Kenya, Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miche saba pale Kamukunji, Nairobi, na kutoka hapo likazaliwa vuguvugu la Green Belt. Ukiangalia picha, matukio haya matatu yanafanana: mtoto au mama, shimo, mche, tabasamu.

Bushi hayafanani. Huku mti ni hati. Kwa desturi ya Washi ardhi hushikwa kwa njia mbili kuu. Kalinzi ni ile ambayo mtu huipata kwa kumtolea chifu ng'ombe au kitu cha thamani, naye huimiliki na kuwarithisha wanawe. Bwasa ni ya muda, ya msimu au misimu michache, hulipwa kwa kazi au kwa sehemu ya mazao, na sharti lake linajulikana na kila mtu: mwenye bwasa anaweza kupanda maharagwe, mihogo, viazi, vitu vya kuvuna na kuondoka. Hapandi mgomba. Hapandi mti. Akipanda mti amesema kwa mikono kwamba hatoki, na kesi inaanza. Juu ya hayo yote imewekwa sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973, inayosema kwamba udongo ni mali ya serikali, nayo pia ina watu wake wanaoijua kuisoma kwa faida yao.

Mwalimu mgeni anayekuja na mche wa mkaratusi na kumwambia mtoto akaupande nyumbani anadhani anampa somo la mazingira. Huenda anampa baba wa mtoto kesi na mwenye shamba. Watoto wengi wa eneo hili, lenye watu wengi kuliko mashamba, wanaishi juu ya ardhi ya bwasa. Hao watarudi na mche wao haujapandwa, nao watahesabiwa kuwa wazembe. Ningekuwa mwalimu wa darasa la tano ningeanza somo la mti kwa swali hili: nyumbani kwenu mnaruhusiwa kupanda nini? Majibu yangejaza ubao. Hapo pangekuwa na uraia, historia, kilimo na sheria, na hakuna mtoto ambaye hangekuwa na la kusema. Mti wenyewe ningeupanda kwenye ardhi ya shule, na ningechagua usiokausha kisima. Mikaratusi tuliyonayo, iliyotoka Australia, inatosha.

Soko nalo ni darasa. Mudaka inajulikana kwa soko lake, mahali ambapo mazao ya milima hukutana na wanunuzi wanaotoka mjini. Célestin Freinet angefurahi hapo. Huyu alikuwa mwalimu wa kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Alijeruhiwa mapafu katika Vita Vikuu vya Kwanza na hakuweza kusema kwa sauti kubwa kwa muda mrefu. Basi aliwatoa watoto nje mchana, wakatembea, wakawaangalia mafundi na mashamba, wakarudi na kuandika walichokiona, na kuanzia 1924 wakakichapa wenyewe kwa mashine ndogo ya mkono. (Mwalimu wetu mwenye watoto zaidi ya sitini katika chumba kimoja chenye paa la mabati, mvua ikinyesha, anaujua udhaifu wa sauti bila kwenda vitani.) Freinet hakuwapeleka watoto kutalii. Aliwapeleka kukusanya habari, na habari hizo zikawa kitabu chao cha kusoma.

Kapu la mama mmoja sokoni Mudaka lina jiografia yote ya dunia. Ndizi zilitoka Asia. Muhogo na mahindi yalitoka Marekani ya Kusini na ya Kati, pamoja na haragwe. Mtama ni wetu. Majani ya chai ya mashamba ya Kivu yana asili ya Asia, na miti ya kwinini inayolimwa katika milima hii ilianzia Andes. Hata sambaza, samaki ambao mtu wa Bukavu ataapa kwamba waliumbwa pamoja na ziwa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Darasa la Ulaya likitaka kuwafundisha watoto juu ya tamaduni hutundika bendera na kuonja chakula cha kigeni. Mtoto wa Mudaka anakula chakula cha kigeni kila siku na hajaambiwa. Mpe daftari, mtume akamuulize muuzaji vitu vitatu: hiki kimetoka wapi, kinapandwa lini, mama yako alikiitaje. Aandike kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia huku katika madarasa ya mwanzo, na majina aliyoyapata kwa Mashi ayaache yalivyo. Mwisho wa muhula darasa litakuwa na kitabu chake, hata kama kimeshonwa kwa uzi.

Hapo sokoni pia watajifunza ugonjwa. Mnyauko wa migomba ulitambuliwa Kongo mwaka 2001, Masisi, kisha ukashuka Kivu Kusini na kuwaumiza Washi penye uchumi wao, penye kasiksi, pombe yao ya ndizi, na penye karo. Dalili zake mtoto anaziona: ndizi zinazoiva kabla ya wakati, shina likikatwa linatoa utomvu wa manjano. Kinga yake nayo inaweza kufundishwa na mwalimu wa msingi: vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga, panga likitumika kwa mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine. Sayansi ya vijidudu haina mlango mzuri kuliko huu.

Kuhusu msitu nitasema machache, kwa kuwa hapo ulinganisho unauma. Sweden ilianza 1957 mafunzo ya Skogsmulle, mhusika wa kubuni anayewaongoza watoto wadogo msituni, na huko desturi na sheria zinamruhusu kila mtu kutembea msituni, hata usio wake. Kutoka Mudaka ukipita Miti ukashika njia ya Tshivanga unafika Mbuga ya Kahuzi-Biega, nyumba ya gorila wa nyanda za chini za mashariki. Mbuga ilianzishwa 1970, ikaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO 1980, na katika orodha ya zilizo hatarini 1997. Ili iwepo, Watwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa bila ardhi nyingine ya maana, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliowapa haki yao. Yapo mema yaliyofanywa na watu wa huku: Pole Pole Foundation, iliyoanzishwa 1992 na John Kahekwa, aliyekuwa mfanyakazi wa mbuga, ina shule na vitalu vya miche, nacho kituo cha Lwiro hutunza sokwemtu na nyani walionaswa na wawindaji na hupokea wanafunzi. Lakini mtoto wa Mtwa akikaa dawati moja na mtoto wa Mshi, na mwalimu akisema msitu ni wetu sote, mmoja wao anajua kwamba nyanya yake alizaliwa humo na haruhusiwi kuokota kuni. Mwalimu asiyetaka kulitaja hilo heri afundishe maharagwe.

Na maharagwe yanatosha kuanzia. Nawaomba wakurugenzi wa shule za Mudaka, na wazazi walio katika kamati za COPA, wafanye mambo mawili kabla mvua za Septemba hazijakolea. La kwanza, jembe liondolewe katika orodha ya adhabu, na jambo hilo litangazwe mbele ya watoto wenyewe, kwenye mstari wa asubuhi. La pili, kila watoto wanne wapewe kijiti kimoja, shimo moja, punje chache zilizochanganywa rangi, na ukurasa wa daftari wenye majina yao. Na katika kumbukumbu za mkutano wa kwanza wa COPA iandikwe kwamba mavuno ya shimo hilo, hata yakiwa vikombe viwili, hayaendi kwa mwalimu, wala ofisini, wala kwa mgeni aliyetembelea shule. Ni ya hao wanne, na wao ndio watakaoamua kama watayala au watayaweka kwa ajili ya Februari.